Kata ya Kwanza

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa harusi ya kusimuliwa. Ni siku ile babu yako na wenzake walipokuja kulima shamba la mama yangu, hapa hapa Kinyangiri, wakati wa Mwingereza. Siku hiyo mama yangu alisimama mbele ya wakwe watarajiwa, mtungi umejaa pombe aliyoipika mwenyewe, akakataa kuinywa. Sogeza hicho kigoda ukae vizuri, maana habari hii inakuhusu wewe kuliko unavyodhani.

Jana nilikuona. Wazazi wa mchumba wako walifika na kreti la soda, ukapewa moja, ukainywa. Ukaongezwa ya pili, ukainywa nayo huku unacheka. Mama yako ameniambia tangu Pasaka kwamba ulipimwa kule mjini Singida ukakutwa na sukari, na kwamba umemkataza asimwambie mtu mpaka harusi ipite. Macho yangu ni mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho. Niliona mkono wako ulivyosita juu ya ile chupa. Nikasema moyoni, huyu ni kitukuu wa mama yangu na hajui mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Basi leo atajua.

Watu walimwita Mama Kitundu, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Alikuwa mpika pombe, na usinikunjie uso kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya. Siku hizo pombe ya uwele ndiyo iliyolima mashamba yetu. Ukiwa na shamba kubwa unapika, unaalika watu, wanalima tangu alfajiri, jua likipanda wanakaa uwanjani wanakunywa. Mama alikuwa analoweka uwele mpaka uote, anauanika juu ya paa la tembe, anausaga, anaupika, anauchuja, na kila hatua anaionja. Pombe yake ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Watu waliweza kukataa mwaliko wa jumbe, lakini wa mama yangu hawakukataa. Nasema hivi kwa majivuno, na sitaomba radhi.

Sasa kulikuwa na desturi moja, na ndiyo iliyotuletea maneno. Aliyepika pombe ndiye anayekunywa kata ya kwanza. Anasimama mbele ya watu wote, anachota kwa ile kata ya kibuyu, anakunywa mpaka chini, kila mtu anaona koo lake likipanda na kushuka. Kama pombe ina kitu kibaya, kianze na yeye. Kabla ya hapo hakuna mgeni atakayegusa. Lilikuwa jambo zito, mwanangu. Siku hizo mtu akifa baada ya kunywa mahali, hawaulizi alikuwa anaumwa nini, wanauliza nani alishika mtungi.

Mama alianza kuumwa mwaka mmoja wa mavuno mazuri. Alikuwa na kiu isiyokwisha. Tukienda kisimani anakunywa kabla ya kujaza mtungi, anakunywa tena baada ya kujaza, na njiani anatua mzigo anakunywa tena. Usiku alikuwa anatoka nje mara kwa mara. Mwili ukamwisha, shuka aliyokuwa anajifunga mara moja akawa anaizungusha mara mbili. Kisha akajikata na jembe kwenye kidole cha mguu, kidonda kidogo tu, kile ambacho sisi wengine tunakipaka mafuta ya ng'ombe tunaendelea na kazi. Hicho hakikupona. Kikaanza kunuka.

Baba yangu, Mzee Msengi, alikuwa mtu mwema lakini mbishi. Jirani aliposema tumpeleke mama hospitali ya misheni, baba alicheka.

"Wale watu wa misheni nawajua," alisema. "Ukienda na jino, watakuambia acha pombe. Ukienda na mguu, acha pombe. Ukipeleka mtoto mwenye kikohozi, mtoto hanywi, watasema baba yake aache pombe."

Bibi yangu, mama yake baba, ndiyo kabisa. Alikuwa kikongwe mwenye fimbo na ulimi mkali kuliko fimbo. Akasema mkwe wake akienda huko atarudi na jina la Kizungu, na ngoma hatacheza tena. Ndivyo watu wengi walivyoiona hospitali wakati ule. Waliogopa kwamba dawa ni mlango tu, na ukishaingia unajikuta kanisani.

Lakini kidonda kilipopanda mpaka juu ya mguu, baba aliacha kucheka. Tulimpandisha mama punda. Baba alishika kamba, mimi nilitembea kando nikimshikilia asianguke, na tulifika hospitali jua likiwa linazama.

Kulikuwa na mganga msaidizi pale, kijana Mnyiramba mwenzetu, koti jeupe, mpole wa maneno. Alichukua mkojo wa mama, akauchanganya na dawa ya rangi ya buluu ndani ya kichupa chembamba cha kioo, akakishika juu ya moto wa taa ya spiriti. Tukasimama tunatazama. Ile buluu ikageuka kijani, ikaja njano, ikamalizikia kwenye wekundu wa udongo wa kufinyangia vyungu.

"Umetia nini humo?" baba akauliza.

"Sijatia kitu, mzee. Hiyo ni sukari iliyo mwilini mwake. Imezidi."

"Sukari?" Baba alimgeukia mama, akamrudia yule kijana. "Bwana mdogo, sisi nyumbani hatuna sukari. Sukari anakunywa jumbe, na yule mwenye duka. Sisi tunakula ugali wetu na asali yetu."

Yule kijana hakumcheka. Alimwambia kwamba ugali ukishaliwa unageuka sukari ndani ya mwili, na asali ndiyo sukari yenyewe, na togwa, na pombe ya nafaka vilevile. Mtu mzima wa afya, mwili wake unaitumia sukari hiyo. Mwili wa mama ulikuwa umeshindwa kuitumia, ikabaki inazunguka bure na kuharibu, na ndiyo sababu ya kiu, na ndiyo sababu kidonda kilikataa kupona. Kisha akasema lile neno ambalo baba alikuwa analisubiri tangu tulipotoka nyumbani.

"Pombe itabidi aache."

Baba alinitazama mimi kama kwamba nilikuwa shahidi wake. "Si niliwaambia?" Kisha akajipiga kifua. "Basi nipime na mimi. Mimi nakunywa kuliko yeye. Yeye anaonja, mimi nakunywa. Kama ni pombe inayoleta wekundu huo, mimi ndiye wa kukutwa."

Mganga akampa kikopo. Baba akaenda nyuma ya jengo, akarudi. Ile dawa ikapashwa moto tena, tukasimama tena. Ilichemka, ikatokota, ikabaki buluu kama ilivyokuwa. Baba aliinama akakisogelea kile kichupa, akakitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa ng'ombe, aliamini alichokiona kwa macho yake.

"Na mimi mtanikataza pombe?" aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe, mzee, atakukataza mchungaji, ukifika kanisani. Huyu tunamkataza sisi, hapa hospitali."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku ile hakusema tena kwamba ugonjwa wa mama ni hila ya misheni. Mwanangu, mimi nampenda baba yangu kwa mengi, lakini kwa lile la kukubali kupimwa nampenda zaidi. Wanaume wangapi leo wangekubali?

Mama alilazwa. Walimpiga sindano kila siku, wakamwosha kidonda, wakampimia chakula. Nilibaki naye kumpikia, maana siku hizo kila mgonjwa alikuwa na mtu wake. Kwenye kibaraza walikoota jua wagonjwa wote, wanaume kwa wanawake, alikuwepo mzee mmoja mfugaji aliyekatwa mguu juu ya goti. Mama alimwuliza ilikuwaje. Yule mzee akasema aliwahi kulazwa pale pale, akiwa na ugonjwa ule ule, akapona, akarudi kwao. Kila alikokwenda alipewa kata ya pombe, na aliona aibu kukataa. Aliyasema hayo taratibu, huku anaikunja suruali mahali ambapo mguu haukuwepo. Usiku ule nilimwona mama anavishika vidole vyake vya mguu, kimoja kimoja.

Alipotoka, kidonda kimekauka, sindano walikuwa wameipunguza kidogo kidogo mpaka wakaiacha, wakaona chakula na kazi za mwili vitamtosha, ila kila mwezi ukiandama arudi apimwe. Wengine pale hawakuweza kuachishwa sindano, na walikuwa wagonjwa wenye bidii kama yeye. Kila mwili na hesabu yake. Nakuambia hili mapema ili usije ukajipimia kwa mama yangu ukatupa dawa zako.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake, punda anatembea mtupu nyuma yetu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa tembe. Nadhani alikuwa anasubiri maiti. Alimkalisha mama, akaupakata ule mguu, akaugeuza huku na huku, akakisugua kidole kilichopona kwa kidole gumba chake. Hakusema kitu cha shukrani, hakuwa mtu wa shukrani. Lakini tangu siku hiyo kila jioni aliuita mguu wa mama penye moto, akautazama unyayo, katikati ya vidole, kisigino, akitafuta mwiba au mchubuko. Na alitafuta kibuyu kidogo kilichovunjika mdomo, akasema hicho ndicho kitapima unga wa ugali wa mama, mtu mwingine asikiguse. Mboga alimjazia. Mlenda, kunde, majani ya maboga, maziwa kidogo. Asali aliihamishia kwenye dari la chumba chake mwenyewe.

Mambo hayo yote tuliyafanya ndani ya boma. Nje hatukusema. Baba aliamuru neno lile lisivuke zizi, na sababu ilikuwa mimi. Nilikuwa binti wa kuolewa, na ukoo wa babu yako ulikuwa umeshaleta posa. Wakisikia mama ana ugonjwa usiopona, watasema na binti anao. Kwa hiyo mama alipoalikwa penye pombe za watu, alitafuta visingizio. Leo kichwa, kesho mgeni. Wanawake wenzake wakaanza kusema anaringa. Wengine wakasema ameingia dini kwa siri.

Ikafika siku ambayo kisingizio hakikuwezekana. Desturi yetu ilikuwa kwamba kabla ya harusi, kijana anakuja na wenzake kulima shamba la mama mkwe, na mama mkwe anawapikia pombe. Baba yake kijana anakuja pia, na wazee wake, na mashangazi. Wakinywa, ndoa ipo. Wakiondoka bila kunywa, kila mtu anajua maana yake.

Wiki ile ya kupika, mama alinikalisha mimi penye mtungi. Yeye hakuonja hata tone. Alinusa, alitega sikio kwenye mdomo wa mtungi kusikiliza unavyochemka, na ulimi aliutumia wangu. "Inalamba au inauma?" aliniuliza.

"Inalamba, mama."

"Bado. Tema, usimeze. Kesho utaniambia."

Kesho yake ikawa inauma, lakini pembeni mwa ulimi tu. Bado. Kesho kutwa yake ikauma mpaka nyuma. Alitabasamu, akaifunika. Pombe ile, mwanangu, niliambiwa baadaye na watu wasionipenda kwamba haijapata kutokea tena. Aliipika mwanamke ambaye hakuionja.

Jioni ya mwisho, baba akamwomba. "Mama Kitundu, gusa tu midomo. Nani atajua?"

"Watajua. Wakwe hawatazami midomo, wanatazama koo."

"Basi kunywa moja. Daktari yuko mbali. Moja haitakuua, na binti ataolewa."

Mama alikuwa anapekecha mlenda. Hakuacha kupekecha. "Moja haitaniua, Baba Kitundu, najua. Lakini nikinywa kesho nitakuwa nimeonyesha watu kwamba naweza. Harusi ikifika watanipa. Mtoto akizaliwa watanipa. Na nitakataaje, wakati waliniona nikinywa? Yule mzee wa mguu mmoja hakuanza na mtungi. Alianza na kata."

Baba akasukuma kuni motoni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa moto nikilia kimya kimya, maana nilimtaka mama yangu awe mzima na nilimtaka babu yako, na kwa hesabu yangu ya usichana vitu hivyo viwili havikuweza kupatikana pamoja.

Siku yenyewe walikuja na jua bado halijatoka. Nilimwona babu yako katikati ya wenzake, jembe begani, shati amelivua. Walilima kwa kuimba, udongo unaruka. Jua lilipopanda sana waliacha ukanda mmoja mwembamba kando ya mpaka, wakasema wataumaliza jioni, wakaja kukaa uwanjani. Wazee kwenye vigoda, vijana chini, wanawake kwenye ngozi upande wa ukuta. Mtungi ukaletwa katikati. Mama akachukua kata, akachota, ikajaa mpaka inamwagika. Akaishika mbele ya kifua chake.

Hakuinywa.

"Wakwe zangu," alisema, "karibuni. Pombe ni hii. Mimi siinywi."

Baba yake babu yako, Mzee Mpinga, alikuwa mtu wa heshima sana na mwenye maneno machache. Aliweka fimbo yake chini.

"Mama Kitundu, ndani ya mtungi kuna nini?"

Hilo ndilo swali tulilokuwa tunaliogopa. Nyumba nyingine zilishavunjika kwa swali hilo.

"Ndani ya mtungi kuna uwele wangu na kuni zangu," mama akajibu. "Ugonjwa uko ndani yangu mimi. Nina ugonjwa wa sukari. Hospitali waliniponya mguu mkiwa hamjui, wakanikataza pombe, na mimi nimeamua kuwasikiliza kwa sababu nataka kuwatembelea wajukuu wangu kwa miguu yangu. Nilikuwa nawaficha. Leo nimechoka kuwaficha."

Aliyasema hayo akiwa wima, kata imejaa mkononi. Mimi nimeona watu wakubwa tangu siku hiyo, nimeona mawaziri wakihutubia, na bado sijamwona mtu aliyesimama kama alivyosimama mama yangu.

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema huyu ameingia dini, hakuna kingine. Kisha shangazi yake babu yako, aliyekuwa amekaa karibu nami, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na huyu binti je? Mama akiwa na ugonjwa usiopona, si tunaununua kwa ng'ombe wetu na kuupeleka kwetu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliinama mpaka kidevu kikagusa kifua.

Ndipo bibi alipoinuka. Bibi yule yule aliyesema hospitali itamrudisha mkwe wake na jina la Kizungu. Alikwenda kwa fimbo yake polepole, watu wakampisha, akaichukua ile kata kutoka mkononi mwa mama, akainywa. Aliinywa yote, mpaka chini, mzee yule, tukitazama koo lake. Kisha akaipindua juu chini wote waone.

"Mimi ndiye niliyemleta mwanamke huyu katika boma hili," akasema. "Kinywa changu ni chake. Mmeona nimekunywa." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilizeni. Mlitaka anywe ili mjue hakuna sumu. Kwake hiyo ndiyo sumu. Mnataka ajiue yeye ili nyinyi mtulie? Huo ndio ukwe? Mguu wake niliuosha mimi ukinuka, kabla hajapandishwa punda, na nikauona umerudi mzima. Aliyewahi kuona mguu uliooza ukirudi kuwa mguu aseme. Kama hayupo, nyamazeni."

Kisha akanigeukia mimi, na kemeo lile liko masikioni mwangu mpaka leo. "Na wewe, inua uso! Unainamia nini? Mama yako ameiba? Mama yako amesema kweli mbele za watu, na wewe unaficha uso kama mtoto wa mwizi. Inua uso watu waone umezaliwa na nani."

Nikauinua. Nilipouinua, nilimwona babu yako anasimama. Kijana hakuruhusiwa kusema mbele ya baba yake katika jambo kama lile, na yeye hakusema. Alichukua jembe lake, akalitia begani, akatoka uwanjani. Nikajua anakwenda kwao, na wenzake watamfuata, na habari imekwisha.

Baada ya muda tukasikia jembe. Alikuwa amerudi shambani, kwenye ule ukanda uliobaki, peke yake kwenye jua kali, analima. Mwenzake mmoja akainuka akamfuata, kisha wote. Mzee Mpinga alisikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha. Akaokota fimbo yake, akanyoosha mkono.

"Nipeni kata," akasema. "Mwanangu amekwisha jibu."

Wakanywa mpaka machicha, mwanangu. Shangazi yule alikunywa kuliko wote.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliona bendera ya Mwingereza ikishuka, akamwona mama yako akizaliwa, na alikuja kututembelea kwa miguu yake yote miwili kama alivyowaambia. Kila palipokuwa na pombe, mtu wa nyumba alikunywa kata ya kwanza kwa niaba yake, na watu walizoea mpaka watoto wakadhani ndiyo desturi ya ukoo wetu. Wanawake wawili wa kijijini waliokuwa na kiu kama yake walimfuata kwa siri kumwuliza njia ya hospitali. Aliwapeleka mwenyewe.

Mimi sukari yangu ilinijia uzeeni. Siku nilipotoka kupimwa, babu yako alinisubiri getini, akaniuliza wamesemaje, nikamwambia. Akasema, "Sawa. Kuanzia leo ninakunywa mimi." Tulicheka barabarani kama wehu. Ndipo nilipomwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza maisha yote, kwamba siku ile shambani kwa nini alirudi kulima. Akaniambia, "Niliwaza kwamba nyumba inayotaja ugonjwa wake mbele ya wageni haitanificha kitu kingine." Amefariki, na mpaka anafariki hakuna aliyenipa chai yenye sukari mbele yake akasalimika.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, nisikuache ukitafuta maana kwenye hadithi. Meza dawa zako kila siku, hata siku unayojisikia una nguvu za fahali, maana nguvu hizo ni za dawa. Tarehe ya kliniki ikifika, nenda, harusi au hakuna harusi. Kula ugali, lakini uwe mdogo, na mboga iwe kubwa, na asali ya Singida tunayoisifia dunia nzima ni sukari kama nyingine, usidanganywe na mtu anayekuambia ni dawa. Hiyo pikipiki unayoipanda mpaka dukani iache ipumzike, tembea. Miguu yako itazame kila jioni, na kama huoni vizuri mwite mtu akutazamie, si aibu. Ukihisi unatetemeka na jasho linakutoka ghafla, basi hapo kitu kitamu ni haki yako, ukile, kisha umwambie daktari. Na sigara ile unayodhani sijui, nayo iache.

Lakini hayo yote hospitali watakuambia vizuri kuliko mimi. Langu ni moja. Mwambie mchumba wako. Mwambie kabla ya harusi, kwa mdomo wako, ukiwa wima. Akiondoka, ataondoka sasa, na utalia, na utapona. Asipoondoka, umepata mtu wa kukutazamia unyayo kwa miaka yote iliyobaki. Ulizinywa soda mbili jana kwa sababu hakuna aliyejua. Usiishi maisha ya kunywa kila unachopewa ili watu wasijue.

Njoo karibu. Inamisha kichwa nikushike. Mungu aliyemrudisha mama yangu nyumbani kwa miguu yake akulinde na wewe, macho yako, mikono yako, miguu yako. Akupe wajukuu wa kukusumbua. Akupe watu wasioona haya kukuosha kidonda. Uwe na uso wa kuinua mahali popote, kwa maana unajua sasa umezaliwa na nani. Na siku ya harusi, watakapokuletea glasi ya kwanza ya soda na watu wote wanatazama, usiogope macho yao. Mpe mkeo ainywe.